Mtamba wa Gati na Siku ya Shukrani

Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa saa ya ukutani, na kiinua mgongo changu kiko nyuma ya nyumba kinatafuna mabingobingo. Lakini bado hunipigia simu vijana waliomaliza chuo juzi, wakiniuliza kwa sauti ya huruma, "Dada Robi, kazi ya kituo ikoje?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, msome wote, mniache nikakamue.

Kituo chetu kilikuwa Nyamwaga, huku Tarime, katikati ya mahindi na migomba: mabweni mawili, jiko, ofisi yenye zulia, na watoto wenye ulemavu ambao wengi wao hawakuweza kukaa wala kusema. Nilifika pale na shahada ya maendeleo ya jamii na viatu vyeupe. Viatu viliharibika kabla ya Ijumaa. Shahada ilidumu kidogo zaidi.

Nianze na jambo ambalo hamtalikuta darasani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi akiwa amelala chali. Mama Wankuru, mlezi mkuu, aliwalisha hivyo kwa miaka mingi. Msidhani alikuwa bibi mpole mwenye hekima. Alikuwa na kelele kama karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kujisifu alianza kabla ya chai. Alimlaza mtoto mapajani, kichwa nyuma, akamimina uji. Mtoto akikohoa, alisubiri kidogo, akamimina tena.

"Kwa nini analala?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ndivyo anavyokula."

"Anakohoa."

"Watoto wanakohoa, msomi. Hata wewe unakohoa."

"Basi lala wewe nikulishe."

Wapishi walicheka, na Mama Wankuru si mtu wa kukimbia mbele ya wapishi. Akalala kwenye benchi, akatazama dari, akafungua mdomo. Kijiko cha pili kilimtokea puani. Aliinuka macho yamemwiva, kanga imejaa uji, akanitukana kwa Kikurya matusi ambayo mama yangu alikuwa amenificha maisha yangu yote. Kuanzia mchana ule watoto walikaa: mgongo umeegemea, kidevu chini kidogo, kijiko bapa, na unasubiri ameze ndipo ulete kingine. Baadaye nilimsikia akiwaeleza wageni kwamba njia hiyo ameigundua mwenyewe.

Ningelalamika, lakini na mimi alikuwa amenikamata. Nilikuwa nimeona kwenye semina picha ya mtu ananyoosha mguu wa mtoto uliokakamaa. Nikauvuta. Mtoto akapiga yowe, mguu ukakaza kama mpini wa jembe. Mama Wankuru akanichapa kofi mkononi. "Huyu si mgomba! Kunja nyonga kwanza. Kunja, tulia, mwimbie. Akikukubali, ndipo unyooshe goti." Alikuwa sahihi. Kazi tuliijua hivyo, kwa kugombana. Mtu akiwaambia ameijua kwa upendo, muulizeni amemlisha mtoto gani.

Miaka ile ilikuwa ya dhahabu. Walimu waliacha chaki wakaenda kununua mawe. Mpishi wetu mmoja alitoweka, akarudi na simu mbili na jino moja pungufu. Kila mwenye nguvu alikuwa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, au kwenye karasha, au njiani kati ya hayo mawili na kiroba kichwani. Waliopata walipata ghafla, na wakawa na shida mpya: nani atawaona? Gari limeshanunuliwa, nyumba ya ghorofa imesimama bila ngazi, mtaa mzima umeshazoea. Mkurugenzi wetu aliiona shida hiyo mapema kuliko wote. Akabuni Siku ya Shukrani.

Siku ya Shukrani ilikuwa hivi. Wageni wenye hela walikaa kwenye viti vya kitambaa chini ya turubai la kukodi. Watoto walipangwa mbele, wamevishwa soksi nyeupe, maana mtoto asiyetembea miguu yake huonekana sana kwenye picha. Kisha wazazi waliitwa mmoja mmoja kwenye maikrofoni, washukuru. Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa mnunuzi wa dhahabu ambaye watu walimwita Mizani, kwa sababu ya mizani ndogo aliyotembea nayo mfukoni. Alikuwa ametuletea magodoro yaliyochapwa jina lake kwa herufi kubwa. Yalinyonya mkojo kama mchanga. Nikiyaanika asubuhi, barabara nzima ililisoma jina la Mizani likitoa mvuke.

Na shukrani zenyewe zilikuwa na mazoezi. Siku moja kabla, Mkurugenzi aliwasimamisha wazazi uani.

"Mama, usiseme asante kama unaomba chumvi. Inua uso. Taja godoro. Machozi yakija, yaache yashuke."

Niliuliza kwa nini mzazi amshukuru mtu kwa godoro ambalo mtu huyo hawezi kulilalia hata dakika tano. Mkurugenzi akaniambia maswali ya aina hiyo niyarudishe chuo nilikoyatoa. Kisha akawageukia wazazi: "Mzazi asiyejua kushukuru akae na mtoto wake nyumbani. Foleni ya wanaotaka nafasi ni ndefu." Haikuwa mzaha. Mtoto mmoja alikwisharudishwa kwa sababu baba yake alikuja kwenye maikrofoni amelewa.

Sasa Mama Gati. Alitoka Gorong'a, mwembamba, mikono imechanika, maana kazi yake ilikuwa kugonga mawe kwa nyundo karibu na makarasha. Mume wake alivuka mpaka kwenda kwa ndugu zake Kenya kutafuta mtaji, na mtaji huo bado unatafutwa. Gati, binti yake, alikuwa na miaka kama saba, shingo laini, mwili mkakamavu, na kicheko kinachoanza kama chafya. Kabla ya kuletwa kwetu alishinda ndani ya beseni chini ya turubai, pembeni ya karasha, masikio yamejaa vumbi. Juu ya jicho ana kovu la kipande cha jiwe kilichoruka. Hilo mlishike: Gati akirudishwa nyumbani, anarudi kwenye beseni. Mama yake hakuwa na mahali pengine pa kumweka wala kazi nyingine ya kumlisha.

Zamu yake ya mazoezi ilipofika, alisimama akaifuta mikono kwenye kanga.

"Shukuru, mama," Mkurugenzi akamhimiza. "Mtoto wako si ananenepa?"

"Ananenepa. Nikimbeba mgongo unaniambia."

Wazazi wakacheka.

"Basi sema hivyo, na umalizie na asante."

"Asante nampa hata konda akinirudishia chenji," akasema. "Nyie mnamlea mtoto wangu. Mnataka niwape kitu nilichompa konda?"

Wazazi wakacheka tena, Mkurugenzi hakucheka. Kesho yake Mama Gati hakuja, akasingizia homa. Mkurugenzi akaniambia wazi kwamba mwaka unaofuata mwanamke yule atazungumza au atambeba mtoto wake aondoke.

Mwaka haukuisha. Mchana mmoja, nikianika magodoro ya Mizani, nikamwona anakuja barabarani na kamba mkononi. Nyuma yake mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, rangi ya udongo na uso mweupe. Alikuwa amebahatika kwenye mawe. Wenzake waliobahatika waliezeka bati. Yeye alinunua mtamba akamswaga kutoka Gorong'a kwa miguu.

"Hodi," akasema getini. "Nimeleta ng'ombe wa Gati."

"Wa Gati?" nikamuuliza. "Tangu lini binti wa Kikurya akawa na ng'ombe wake?"

"Shika kamba kwanza, ndio uulize."

Nikashika. Akajifuta jasho. "Robi, wewe ni wa huku. Unajua binti anavyohesabiwa."

Nilijua. Kwetu binti akizaliwa, watu huanza kuwaona ng'ombe watakaoingia siku atakapoolewa. Na huyu wa kwake, majirani walimwambia bila aibu, hataleta hata mkia.

"Kila siku wananiimbia: mtoto huyu hataleta ng'ombe, mtoto huyu hataleta ng'ombe. Basi ameleta. Huyu hapa. Na atakaa anapokaa mwenyewe."

Mimi mila zetu nyingi nazidharau, na nina sababu. Muulizeni binti yeyote wa Tarime kinachomngoja kwa ngariba Desemba ikifika. Lakini hii naielewa. Mtu akimwamini mtu, humwekea ng'ombe. Mwenye boma anamchunga, anakunywa maziwa, samadi anaitia kwenye migomba yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na kumchinja bila neno la mwenyewe ni kuvunja undugu. Zawadi ukishaipokea mmemalizana. Ng'ombe akiwekwa kwako hammalizani, mtaulizana habari zake mpaka mzeeke. Mama Gati hakuwa ameleta asante. Alikuwa amewafanya watu wa kituo kuwa ndugu zake, bila kuwauliza kama wanastahili.

Mama Wankuru alitoka jikoni, akamzunguka mtamba, akamshika chuchu. "Huyu atakamuliwa," akatangaza, kana kwamba amemuumba yeye, na hapo hapo akaenda kukata majani. Kisha akaja Mkurugenzi na simu ya kupigia picha.

"Hongera, mama! Hii ndiyo shukrani sasa!"

"Si wa kula, Mkurugenzi. Nimemweka. Ni ng'ombe wa Gati."

"Ndiyo, ndiyo, wa Gati, wa watoto wote. Geuka huku, cheka kidogo."

Siku ya Shukrani ilipokaribia, Mkurugenzi akawaambia wapishi mtamba achinjwe kwa ajili ya wageni. Mama Wankuru akaweka sufuria chini.

"Huyo amewekwa."

"Amewekwa kwa nani? Hapa ni ofisi, si boma. Kinachoingia getini ni mali ya kituo."

Mkurugenzi ni Mkurya kama sisi. Ng'ombe wa baba yake wamewekwa kwa watu mpaka Itiryo, na wakati wa likizo alikwenda kuwakagua mmoja mmoja. Alijua. Nikamfuata ofisini, nikamwambia anachotaka kufanya ni wizi.

Akaegemea kiti. "Robi, si wewe uliyeandika kule chuo kwamba mila ni kikwazo cha maendeleo? Nimeisoma kazi yako. Nimekubaliana nawe."

Nawaambieni, kijana ukiandika kitu, kiandike ukijua kuna mtu atakuja kukitumia kumlia mtoto mtamba wake. Nikatoka, nikampigia simu Mama Gati, nikamweleza yote neno kwa neno.

Siku ikafika. Turubai, viti, spika zinazokoroma. Mizani akaja na msafara, mkufu shingoni mnene kama kamba ya ndoo. Nyuma ya jiko mtamba alikuwa amefungwa mahali pasipo na majani, na mchinjaji kutoka sokoni ananoa kisu kwenye ngazi ya bweni. Mama Gati alifika akapita huko kwanza. Nilimwona akimwangalia mchinjaji, mchinjaji akaangalia kisu chake. Akaenda kukaa na wazazi wenzake.

Akaitwa kwenye maikrofoni. Mkurugenzi akamnong'oneza njiani, "Godoro, mama. Taja godoro."

"Shikamooni wakubwa," akaanza. "Mimi ni mama yake Gati, yule pale ambaye soksi imemvuka. Niliweka ng'ombe wa mtoto wangu hapa. Nimemkuta nyuma ya jiko na mtu ananoa kisu. Nauliza mbele yenu wote: nani aliniomba neno?"

Spika ikakoroma peke yake. Mkurugenzi akairukia maikrofoni. "Wapendwa wageni, mama yetu ana furaha nyingi, furaha imemzidi..."

Mama Gati hakuhitaji maikrofoni. Amezoea kusema juu ya kelele za karasha. "Mtoto wangu analala hapa. Anakula hapa, ananyolewa hapa. Unasema hapa si boma. Kama si boma, mmemweka wapi mtoto wangu?"

Wazazi wakaanza kunguruma. Mbele yao Mizani alikuwa ameacha kuchezea mkufu. Akasimama.

"Huyu ng'ombe ni wa kuwekwa?"

"Ni wa kuwekwa, tata," Mama Gati akajibu, akimwita baba kwa Kikurya.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi najua!" Mama Wankuru akapaza sauti kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Na Mkurugenzi anajua, labda kama alizaliwa Ulaya!"

Watu wakacheka. Mizani hakucheka. Alionekana kama mtu aliyeambiwa duara lake limeingia maji.

"Mkurugenzi, mimi nina ng'ombe kwa watu Itiryo, Gorong'a, mpaka ng'ambo ya mpaka. Wengine sijawaona tangu wazaliwe. Leo nikila huyu, kesho yake kila mtu atasema Mizani mwenyewe amekula ng'ombe wa kuwekwa, na wa kwangu watakwisha kabla ya Krismasi. Mimi sili."

Waheshimiwa wengine nao, kila mmoja akikumbuka ng'ombe wake walioko kwa watu, wakatangaza kwamba hawali. Msije mkaandika popote kwamba roho ya tajiri iliguswa na machozi ya mama mnyonge. Mama hakulia, na kilichoguswa ni mifugo ya tajiri. Mchinjaji akafunga kisu chake kwenye gazeti. Wageni wakala wali na maharage ya watoto, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye mkufu akaonja chakula ambacho godoro lake lilikipokea kila asubuhi.

Wakati wa kuondoka Mizani akamgonga Mkurugenzi begani. "Nikirudi nitamwangalia yule mtamba. Nataka azalie hapa." Alikuwa amegundua kwamba kutetea ng'ombe kunampa sifa kuliko magodoro, na kunagharimu kidogo.

Jumatatu Mkurugenzi akaniita. "Yule mwanamke aje amchukue mtoto wake. Na ng'ombe wake."

"Sawa. Mizani akija kumwangalia mtamba, utamwonyesha nini?"

Akaanza kulinyoosha zulia kwa ncha ya kiatu. Hakuweza kumfukuza Gati bila ng'ombe, wala kumfukuza ng'ombe bila kumjibu Mizani. Ndivyo Gati alivyobaki kituoni, mtoto aliyeambiwa hataleta ng'ombe. Lakini Mkurugenzi aliyeaibishwa mbele ya wageni lazima amfukuze mtu, na aliyepiga simu nilikuwa mimi.

Siku nafunga mizigo, Mama Gati akaja mlangoni.

"Umefukuzwa?"

"Nimestaafu."

"Utakaa wapi?"

"Nimepata chumba Tarime mjini."

"Kina mahali pa kufunga ng'ombe?"

"Mama Gati, hakina hata mahali pa kufunga kamba ya nguo."

"Basi tafuta penye nafasi. Mtamba akizaa jike, ndama anakuja kwako."

Nikamwambia sina boma. Sina hata mume.

"Ukifunga ng'ombe watu watasema ni boma," akasema. "Mume watakutafutia wenyewe, tena utawachoka."

Akaondoka kwenda kumwona Gati. Nikafunga begi kwa kamba, nikajikuta naipima kama ingemtosha ndama. Mtamba alizaa jike. Wakati huo nilikuwa nimeshakodi kinyumba kibovu nje ya mji, chenye uwanja na migomba michache, na nikajiambia kwamba nimefuata kodi ndogo.

Siku ya Shukrani bado inafanyika, na wageni bado wanatajiwa magodoro. Siku hizi wanalishwa mbuzi wa mnadani. Gati anakunywa maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi, amekaa, kidevu chini, na Mama Wankuru bado anawaambia wageni kwamba njia hiyo ni yake. Mume wamenitafutia, na nimewachoka. Ndama yule amekuwa ng'ombe, amezaa, na mimi niliyefaulu vizuri somo la nadharia za maendeleo naamka kukata mabingobingo.

Mama Gati akipita huku hanisalimii kwanza. Anapita moja kwa moja mpaka bandani, anampitisha ng'ombe kiganja mbavuni, anainama kukagua kwato.

"Amekonda."

"Hajakonda."

"Amekonda, Robi. Unampa nini, vitabu?"

Kisha anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nampikia chai ya maziwa, ananieleza Gati ameongezeka vipi na amemcheka nani. Kwa miaka yote hii sijasikia asante kutoka kwake, na siku nikiisikia nitajua amekuja kumchukua ng'ombe wake.